Manzili ya Usiku: Kutafuta Mahali pa Kulala Ulaya kwa Gari-Nyumba

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia njia katika ardhi yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Tangu tuliporejea kutoka safari ya likizo ya Agosti, wengi wenu, na hasa mama zetu na dada zetu, mmekuwa mkituuliza swali moja: je, mlikuwa mkilala wapi? Swali hilo ni la wenye busara. Msafiri aweza kuistahimili njaa ya mchana mmoja, lakini mwenye kusafiri na familia hana budi kujua mapema usiku utamkuta mahali gani na miongoni mwa watu gani. Tumeona ni bora tuwajibu nyote kwa pamoja katika kurasa hizi, huenda ikawafaa wale wanaokusudia safari kama hiyo.

Tulikuwa watu sita: sisi na mama watoto, vijana wetu watatu, na ndugu yake mama watoto ambaye ameishi Köln, Ujerumani, kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyetualika, na yeye ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa ana leseni ya huko na amezoea kuendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa mama watoto ni ndugu na kwa watoto ni mjomba, basi hapakuwa na uzito wowote wa kisheria katika kulala sote chini ya dari moja. Tuliondoka Köln, tukaufuata mto Rhine na kisha mto Mosel, tukapita Strasbourg, vilima vya Jura na bonde la Rhône, mpaka Granada iliyo kusini mwa Uhispania, kisha tukarejea. Safari ilichukua siku 21 na kilomita zaidi ya 4,000.

Gari tulilokodi ni lile ambalo tutaliita gari-nyumba. Si tela la kukokotwa. Ni gari moja lenye urefu wa mita 7 na kimo cha mita 3, na ndani yake mna vitanda vya watu sita, jiko la gesi, jokofu, bafu dogo na choo. Lina tangi la maji safi la lita 110, tangi jingine la kupokea maji yaliyotumika, na sanduku la choo ambalo huchomolewa kwa nje likajazwa na kumwagwa. Uzito wake pamoja na watu na mizigo haupaswi kuzidi kilo 3,500, kwa kuwa leseni ya kawaida ya gari dogo huko huishia hapo.

Wengi hudhani kwamba mwenye gari la namna hii hulala popote giza linapomkuta. Sivyo. Hata kabla ya kupanda ndege, anayeomba viza ya Schengen hutakiwa aonyeshe ratiba ya safari yake na mahali atakapolala. Mwaliko wa shemeji na mkataba wa kukodi gari ndivyo vilivyotujibia. Na ukishafika, kila kipande cha ardhi kina mwenyewe: mtu binafsi, baraza la mji au serikali. Hata Sweden na Norway, ambako mwananchi ana haki ya tangu zamani ya kutembea na kupiga hema porini, haki hiyo ni ya mwenda kwa miguu; haimpi mwenye gari ruhusa ya kuingia katika shamba la mtu.

Ndiyo maana mama watoto, siku ya kwanza kabisa, alituwekea kanuni moja ambayo tuliishika mpaka mwisho: hatulali mahali ambapo mwenyewe hajui kuwa tupo.

Nchi tatu, taratibu tatu

Katika Ujerumani mambo ni mepesi kwa mwenye kufuata utaratibu. Miji na vijiji vingi vimetenga viwanja maalumu vya magari-nyumba, na kibao chake huandikwa neno *Stellplatz*. Aghalabu ni eneo la changarawe karibu na mto au nje kidogo ya mji, lenye bomba la maji, mahali pa kumwaga sanduku la choo, na nguzo ya umeme inayokula sarafu. Tulilipa kati ya yuro 10 na 18 kwa usiku, tena mara nyingine kwa mashine tu, bila kumwona mtu. Pale ambapo hakuna kiwanja, dereva aliyechoka huruhusiwa kulala usiku mmoja katika maegesho ya umma yasiyokatazwa, ili arudishe nguvu za kuendesha. Lakini ni kulala tu. Ukitoa viti, meza na turubali nje, umekwisha kuhesabiwa kuwa umepiga kambi, na hiyo ni hukumu nyingine.

Katika Ufaransa neno la kutafuta ni *aire*. Hapa msafiri awe makini, kwa kuwa neno hilo lina maana mbili. Kuna *aire* ya kijiji, iliyowekwa na baraza la mji kwa ajili ya magari-nyumba. Hiyo ni manzili njema, na baadhi yake ni bure. Na kuna *aire* ya barabara kuu, ambayo ni mahali pa kupumzikia madereva, penye malori yanayonguruma usiku kucha, na ambapo wasafiri wazoefu huonya juu ya wezi. Imamu Muslim amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba msafiri anapotua usiku ajiepushe na njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na makimbilio ya viumbe vyenye kudhuru. Tulipoyaona malori yale, tulifahamu kuwa hekima hiyo haijachakaa. Mchana tulipumzika hapo, usiku hatukulala.

Wafaransa wana jambo jingine zuri. Tangu miaka ya 1990 upo mtandao uitwao France Passion, ambao huwaunganisha wakulima na wenye magari-nyumba. Mwanachama hulipa ada ya mwaka, hupewa kitabu cha anwani na kibandiko cha kubandika kwenye kioo, na huruhusiwa kulala shambani kwa saa 24 bila malipo wala sharti la kununua kitu. Inatakiwa tu gari liwe na choo chake, na mgeni amsalimie mwenyeji anapofika na kumuaga anapoondoka. Wengi wa wakulima hao ni wa zabibu za mvinyo. Sisi tulichagua wenye asali, wenye mbuzi na wenye matunda. Hatusemi kwamba msafiri aliyekosa pengine amefanya haramu kwa kuegesha kando ya shamba la zabibu. Lakini mwenyeji hukukaribisha uonje alichokitengeneza, na si adabu kumwendea mtu nyumbani kwake ukijua tangu njiani kuwa utaurudisha mkono wake.

Katika Uhispania sheria imepambanua kwa makini baina ya kuegesha na kupiga kambi. Gari likigusa ardhi kwa magurudumu yake tu, lisitoe maji wala kelele, na lisieneze kitu nje ya mwili wake, hilo limeegeshwa, hata kama waliomo ndani wamelala. Ukifungua dirisha la kusukumwa nje au ukateremsha kiti kimoja, umepiga kambi. Pamoja na hayo, kila mji waweza kuweka makatazo yake, na sheria ya pwani ya mwaka 1988 imekataza magari na kambi katika fukwe.

Hapo ndipo tulipojaribiwa. Jioni moja tulifika ufukoni mwa bahari ya Mediterania, tukakuta magari-nyumba kiasi cha kumi na tano yamejipanga yakitazama maji, na kibao cha katazo kimesimama mbele yao. Vijana walikwisha kuvua viatu. Mdogo wao akauliza, "Baba, mbona wenzetu wanalala?" Swali la mtoto lina uzito, kwa sababu jibu lake huwa ndilo elimu atakayoibeba. Mama watoto akamjibu, "Mwanangu, wao hawakuja na sisi, wala hatutajibu kwa ajili yao." Waliogelea mpaka jua lilipoanza kushuka, tukawasha gari, tukaenda bara kilomita 12 mpaka uwanja wa kulipia. Vijana walinuna mpaka asubuhi, nasi tuliwaacha wanune. Waliobaki ufukoni walipatwa na nini, au hawakupatwa na neno, hatujui. Na si juu ya hilo tulipoijenga hukumu yetu.

Usiku wa Jura

Usiku ulio mgumu kuliko wote ulitukuta katika vilima vya Jura, mashariki mwa Ufaransa. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 16, ndiye tuliyempa uamiri wa kutafuta manzili. Kila asubuhi alitazama ramani na programu za simu ambazo wasafiri huandikiana habari za vituo, akatuchagulia mahali pamoja na pa akiba. Siku hiyo njia ilikuwa na msongamano, na tulipofika kijijini saa kumi na mbili jioni, nafasi zote nane zilikuwa zimejaa. Pa akiba pia palijaa. Agosti ni mwezi ambao Wafaransa wenyewe wako safarini.

Mbele yetu palikuwa na mambo matatu. La kwanza, kurudi katika barabara kuu tulale na malori. La pili, kuingia katika njia ya msitu ambayo mlangoni mwake palikuwa na alama ya gari iliyopigwa mstari. La tatu, kuuliza. Shemeji alikuwa ameendesha tangu asubuhi na macho yake yalikuwa mekundu. Kumwambia aendelee ilikuwa ni kuziweka nafsi sita hatarini.

Mama watoto aliona nyumba ya mkulima yenye kibao cha kuuza mayai na jibini. Akamchukua binti yetu, ambaye amesoma Kifaransa kidogo shuleni, wakaenda wote wawili kubisha hodi. Sisi wanaume tulibaki garini. Wageni watatu wa kiume mlangoni kwa mtu jioni humtia hofu. Mama na binti yake huonekana ni familia. Mgeni ni kuku mweupe, hasemeki kuwa hakuonekana, na gari letu nalo lilikuwa jeupe, refu, la kutazamwa na kijiji kizima.

Aliyefungua ni bibi mtu mzima. Aliwatazama, akalitazama gari, akauliza maswali mawili tu: mna choo ndani? Na mtaondoka lini? Binti akamjibu kuwa choo kipo, na kwamba tutaondoka asubuhi. Bibi akanyoosha kidole kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala, akarudi ndani. Hakuuliza dini yetu, wala nchi yetu, wala fedha.

Usiku ule tulitafakari sana maswali yale mawili. Tulikuwa tumesoma kanuni za nchi tatu, na kumbe zote zimo humo. Uchafu wako utakwenda wapi? Na haki yangu utanirudishia lini? Mbao za makatazo, vyuma vinavyowekwa juu ya milango ya maegesho ya pwani ili magari marefu yasipite, faini na askari, vyote vimekuja kwa sababu kuna wasafiri waliotangulia ambao hawakuwa na jawabu la maswali hayo. Alalaye ovyo leo humfungia mlango mwingine atakayekuja kesho na watoto wake.

Na kwetu sisi maswali hayo si mageni. Abu Daud amepokea onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kujisaidia penye maji, katikati ya njia, na katika kivuli cha watu. Mwenye kulimwaga sanduku la choo mtaroni au kichakani anaingia katika maana hiyo hiyo, hata kama sanduku ni la plastiki na limetoka kiwandani. Na juu ya kuondoka, wazee wetu walikwisha sema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata wavuvi wetu wa dago, wanapohamia pwani ya watu kwa msimu wa samaki, hufika kwanza kwa wenyeji wakajulisha kuwa wamekuja, ndipo wakatandika majamvi yao.

Asubuhi tuliufagia uwanja, ingawa hatukuuchafua. Mama watoto alinunua mayai trei nzima, akalipa bei iliyoandikwa bila kuomba apunguziwe. Tulipokuwa tukiondoka bibi alitoka mlangoni akatupungia mkono.

Maji, sala na sitara

Mama zetu wengi wameuliza juu ya maji. Watu sita, sala tano, ni udhu thelathini kwa siku. Ukifungua bomba kama nyumbani, lita 110 huisha kabla ya Isha. Lakini imethibiti kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kiasi cha theluthi mbili za lita. Tulinunua kopo dogo, tukalipima, tukawafunza vijana. Udhu wa watu sita kwa siku nzima ukawa lita 20 tu, na tangi likatutosha siku mbili pamoja na kupika. Tulijaza kila tulipopata bomba, bila kungoja liishe.

Kibla nacho chataka uangalifu. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Ujerumani na Ufaransa kibla ni kusini-mashariki, na Granada ni mashariki. Jua la mwanzoni mwa Agosti pale Köln huzama baada ya saa tatu usiku, na mwanga huo mrefu humdanganya msafiri akadhani mchana bado upo. Mwanga upo, lakini nafasi hazipo: viwanja hujaa tangu alasiri. Baada ya Jura tulijiwekea kuwa Alasiri itukute tumekwisha egesha. Tuliswali kwa kupunguza na kukusanya, kama sharia ilivyomrahisishia msafiri, tukitandika miswala ndani ya gari au kando yake pale palipo faragha.

Kuhusu sitara, gari lina mapazia ya kila kioo, nayo yafungwe kabla ya taa kuwashwa, si baada yake. Katika viwanja vya kambi vya kulipia yapo mabafu. Mengi yana vyumba vya kufungwa kimoja kimoja, lakini dada zetu watazame kwanza kabla ya kubeba taulo. Mahali penye familia nyingine ni bora kuliko mahali pa upweke penye mandhari nzuri. Na binti zetu walipotujulisha kuwa mahali fulani hapakuwatuliza moyo, tuliondoka bila kudai sababu.

Katika miji mikubwa msilale wala msiingie na gari. Njia za mitaa ya kale ni nyembamba, nyingine hulindwa na kamera, na baadhi ya miji ya Ujerumani na Ufaransa hutaka kibandiko maalumu cha moshi wa gari. Sisi tuliegesha nje ya Granada, tukapanda treni ya mjini, kisha tukapanda kwa miguu mpaka mtaa wa Albaicín, tukaswali Ijumaa katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, ambao bustani yake yatazamana na kasri la Alhambra ng'ambo ya bonde. Lau tungekwenda na gari, mchana ule ungeishia katika kutafuta pa kuliweka.

Nasaha kwa mwenye kukusudia

Chagueni mahali pawili kila asubuhi, pa kwanza na pa akiba. Tueni mapema. Wekeni sarafu za yuro 1 na senti 50 katika kopo maalumu, kwa kuwa mashine nyingi za maji na umeme hazijui kurudisha chenji. Mwageni mahali pa kumwagia tu. Salimieni jirani aliyeegesha kando yenu, kwani jirani wa usiku mmoja naye ana haki. Na mnapokosa mahali, ulizeni. Mwenye nyumba aweza kukataa, na akikataa mwambieni ahsante, mwendelee.

Dua ya kutua manzili, ile ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia kutokana na shari ya viumbe vyake, imetufikia kwa mapokezi ya mwanamke, Bibi Khawla bint Hakim (r.a.). Wafundisheni watoto waisome injini inapozimwa, kabla mlango haujafunguliwa. Kijana wetu mdogo sasa huisoma hata gari linapofika nyumbani, nasi hatumkatazi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, awape manzili njema, na awajaalie kila watokapo wawaache wenyeji wakitamani wageni wengine kama wao. Amin.